Mtani Wangu na Kengele ya Korona

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba wajukuu. Mkipita njia ya Mvumi mnauona msingi wa zege uliomea majani, na mbuzi wamelala juu yake kwa sababu zege linatunza joto. Mnaupiga picha kwa simu zenu, kisha mnakuja barazani kwangu: "Mzee Mihayo, pale palikuwa na nini?" Nikisema palikuwa na kiwanda cha mkonge, mnataka niendelee kusema kwamba zamani kulikuwa na kazi na watu waliishi vizuri. Kazi ilikuwepo, ndiyo. Nimeifanya mpaka kucha zikabadilika rangi. Lakini kama mnatafuta habari za kuwapa moyo nendeni kwa jirani yangu, yeye alikuwa dereva wa treni na ana habari nyingi za kufurahisha, nusu yake za kweli.

Nilifika Kilosa wakati wa Mwingereza, vita vya Hitla vikiwa vimekwisha, nikiwa na ndevu zangu za kwanza na blanketi moja. Nilitoka Unyamwezi pamoja na manamba wenzangu, maana ndivyo tulivyoitwa sisi tuliotia dole gumba kwenye mkataba na kupewa namba. Tulipelekwa kwenye shamba la Mgiriki mmoja. Mashamba ya majirani yalikwisha kupata korona, ile mashine kubwa inayomenya mkonge yenyewe. Mgiriki wetu alikuwa amechelewa, na sisi hatukujua kwamba ule uchelewaji wake ndio uliokuwa unatulisha.

Tulikuwa na raspada. Hii ni mashine ndogo: gurudumu la chuma lenye visu butu, linazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini ya kuni. Mtu anasimama mbele yake na jani la mkonge mkononi. Unalishika kitako, unasukuma ncha ndani, visu vinakwangua nyama yote ya kijani, unavuta, zinabaki nyuzi nyeupe. Kisha unageuza, unashika zile nyuzi, unasukuma kitako. Jani moja. Halafu la pili, halafu la tatu, mpaka jua lizunguke upande wa pili wa banda. Raspada ilikuwa haiwezi kubeba shamba zima, kwa hiyo kila upande wa shamba ulikuwa na banda lake, na kila banda lilikuwa na kambi yake. Sisi tulikuwa Kambi ya Tatu.

Kosa langu la kwanza nililifanya asubuhi ya kwanza. Nyuzi zinateleza, zina utomvu, basi nikaona nijifanye mjanja: nikazizungusha kwenye kiganja ili zisiponyoke. Nilipigwa ngumi ya bega nikaanguka kwenye makapi. Nilipoinua macho nikamwona mzee mfupi, hana viatu, ananitazama kama mtu aliyeokota kitu asichokitaka.

"Mnyamwezi," akasema, "mzigo wako uko wapi? Nyie si mmezaliwa kubeba mizigo? Nani kakuambia uje kushika mashine?"

Huyo alikuwa Mzee Gama, Mngoni wa Songea. Wangoni na sisi Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo hata kama ana umri wa baba yako anakutukana, nawe unamtukana, na hakuna wa kununa. Nikamwambia afadhali mbeba mizigo kuliko mla panya. Akacheka, akanionyesha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili havikuwepo. "Hivi nilivizungusha na nyuzi," akasema. "Siku hiyo hapakuwa na mtani wa kunipiga ngumi."

Kuanzia hapo alinifundisha. Nyuzi zinashikwa kwa vidole vitatu, dole gumba likae nje, ili zikivutwa ziondoke peke yake bila wewe. Mikono unaipaka majivu, siyo mafuta, maana mafuta yanakufanya uteleze na majivu yanapunguza muwasho wa maji ya mkonge. Jani la jana limekwisha kukauka, lisukume polepole. Jani la baada ya mvua limejaa maji, litakuvuta, liachie mapema. Na viatu uvue.

"Kwa nini nivue viatu, Mzee?"

"Utajuaje kama mkanda umelegea?"

"Nitausikia."

"Haya. Endelea kuusikia."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaelewa kwamba raspada yetu ilisimama juu ya magogo yaliyochimbiwa kwenye udongo, na ardhi yote ya lile banda ilikuwa inatetemeka. Mkanda ukilegea mtetemo unakuwa mzito chini ya kisigino. Visu vikisogea unahisi kwenye vidole vya miguu. Mzee Gama alikuwa anaweza kusimama akiwa ameipa injini mgongo, akainua mkono, na fundi wa injini akazima kabla kitu hakijavunjika. Watu walisema ana dawa.

Hakuwa na dawa. Alikuwa kiziwi. Ile mashine ililia kwa sauti ya kusaga meno, mwaka hadi mwaka, na yeye alikuwa amesimama mbele yake tangu kabla sijazaliwa au karibu na hapo. Mdomo wako akiuona anaelewa unachosema. Akigeuka, huna mtu. Nililigundua hilo baada ya miezi mingi, na si kwa akili yangu. Nilimwona nyoka karibu na mguu wake, nikapiga kelele mpaka sauti ikapasuka, naye akaendelea kulisha majani huku anatabasamu. Nyoka akapita zake. Nilimwendea mbele nikamuuliza: "Mzee, husikii?" Akanitazama midomo. Kisha akasema, "Ukimwambia nyapara nitarudi Songea kufa njaa."

Mtauliza ilikuwaje watu wasijue. Utani ndio uliomficha. Mtani akikuita jina la matusi, ustadi wako ni kutogeuka, unajifanya hujamsikia, akuite mara tano mpaka achoke. Mzee Gama alikuwa bingwa wa kutogeuka. Kambi nzima ilimwita, "Gama! Wee Gama, panya wako anaungua!" naye kimya, analisha jani lake, na watu wanashika mbavu. Walisema hakuna mtani kama yule kutoka Kilosa mpaka Mikumi. Mimi niliyejua nilikuwa nacheka nao, na kicheko changu ndicho kilikuwa kikubwa kupita vyote.

Mtu mwingine mmoja nadhani alikuwa anashuku. Bi Mwanaidi, mama wa Mvumi aliyekuwa anatuletea wali na kunde kambini. Wengine aliwaita kwa majina waje kuchukua sahani. Lakini kwa Mzee Gama alikwenda mwenyewe akamgusa bega.

Nataka muelewe Kambi ya Tatu ilikuwa nini, kwa sababu leo pale ni pori na mtu akiwaambia mtaona anaota. Kulikuwa na gulio kila Jumapili. Wakulima wa Mvumi walileta mchele, mihogo, kuku, miwa. Kulikuwa na kinyozi, fundi cherehani, msikiti wa makuti, na Wakristo walikuwa na mti wao na kengele ya kipande cha reli. Watu wa Berega walishuka na tumbaku. Yote hayo yalisimama juu ya mashine moja mbovu iliyohitaji mikono mingi. Wakulima walilima kwa kipimo cha matumbo yetu. Sisi hatukulijua hilo, na wao hawakulijua.

Kisha korona ikaja. Ililetwa kwa treni mpaka stesheni ya Kilosa, ikiwa vipande vipande, na ikavutwa kwa trekta hadi kwenye lile zege mnalolipiga picha. Ilikuja na fundi wake, Kalasinga mmoja mwenye kilemba cheupe ambacho sijui aliwezaje kukiweka cheupe mahali pale. Hakuwa mtu mbaya. Alitwambia, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba sasa hakuna kukatwa vidole: majani yanapangwa kwenye meza inayotembea, kamba nene inayabana na kuyapeleka kwenye gurudumu la kwanza, inayahamisha, inayapeleka kwenye gurudumu la pili, maji yanamwagika juu muda wote, na upande wa pili zinatoka nyuzi safi. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi, wajukuu zangu. Nilikuwa na vidole kumi na nilitaka kubaki navyo.

Hakuna aliyeuliza ile kazi ya mabanda yote ikifanywa na mashine moja, watu wa mabanda yote wataenda wapi. Kambi zilifungwa moja moja. Raspada zilivutwa nje, zikaachwa kwenye mvua. Waliobaki bila nafasi walifunga mizigo, wengine wakashika njia ya Mikumi kwa miguu, wakati ule Mikumi ni nyati na simba, wakielekea Kidodi na Ruhembe kutafuta vibarua vya kulima. Gulio la Jumapili lilipungua, halafu likawa wanawake watatu wamekaa na mihogo yao wanatazamana. Na yale maji ya korona yalitiririshwa mtoni, ya kijani, yenye povu na harufu ya kitu kilichooza, mpaka watu wa chini wakaacha kuoga. Kinyozi wetu alikaa wiki nzima na mkasi wake chini ya kibanda kabla ya kukubali kwamba vichwa havipo.

Waliotakiwa kiwandani walichaguliwa. Kalasinga alisema korona ni hatari kwa jambo moja tu: ikisimama kwa kuziba, mtu anaingia kati ya yale magurudumu mawili kuzibua makapi, na kabla haijawashwa kengele inapigwa. Kwa hiyo kila mtu lazima asikie kengele. Akatupanga mstari, tukampa mgongo. Akipiga kengele, anayesikia anyooshe mkono.

Nilijipanga kulia kwa Mzee Gama. Kengele ilipolia nikanyoosha mkono wa kulia, na kiwiko cha kushoto nikamgusa ubavuni. Akanyoosha. Ikapigwa mara tatu, tukanyoosha mara tatu, naye mara ya tatu alinyoosha ule mkono wenye vidole vitatu. Kalasinga akacheka: "Huyu mzee anajua mashine." Akampa kazi ya kuzibua, kwa sababu ni mtu mzoefu.

Nilimpa mauti yake kwa kiwiko. Wakati ule niliona nimemwokoa, na jioni yake tulikula kuku.

Tatizo lilikuwa zege. Korona haikutetemesha udongo kama raspada. Kishindo chake kilimezwa na msingi, na zaidi ya hapo wafanyakazi wote walipewa viatu vya mpira kwa sababu ya maji. Siku ya kwanza Mzee Gama alisimama pale akaniambia, "Mihayo, hapa nimekufa miguu." Alikuwa hawezi kujua kama mashine inakwenda au imelala, isipokuwa kwa macho, na kule ndani ya kuzibua macho yanajaa maji na makapi.

Tukatengeneza njia. Tulisokota kamba nyembamba ya katani, ile yetu wenyewe, tukaipitisha kwenye mfereji wa maji chini ya mashine, kutoka kwenye meza nilipokuwa napanga majani mpaka kwake. Akiingia kuzibua anajifunga kamba kwenye kifundo cha mguu. Kengele ikilia navuta mara mbili, anatoka. Nilikuwa navuta kwa mguu, huku mikono inapanga majani. Tulienda hivyo msimu mzima wa kiangazi, na mvua zikaja, na hakuna aliyejua. Nikiwaambia vijana wa leo kwamba mashine iliyotoka Ulaya ilikuwa inaendeshwa kwa uzi uliofungwa kwenye mguu wa mzee, mnacheka. Chekeni. Hata sisi tulikuwa tunacheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, saa tatu asubuhi. Korona iliziba. Mzee Gama akaingia. Wakati huohuo Kalasinga alikuwa anazunguka kusafisha mifereji, maana mgeni alitarajiwa kutoka wilayani. Nilimwona anainama, anavuta kitu. Ilikuwa kamba yetu. Alikuwa ameikata kwa kisu na anaikunja mkononi.

"Hii kamba ya nini? Ya nani?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno machache tu: Bwana, mle ndani kuna mtu hasikii. Nikafikiri, nikisema, leo hii anafukuzwa, na mimi pamoja naye kwa ile hila ya mstari. Nikafikiri bado anazibua, kuna muda, Kalasinga akiondoka nitakimbia kumgusa. Nikasema, "Sijui, Bwana."

Akaitupa kwenye makapi, akaenda zake. Nikaanza kuzunguka meza. Kengele ikalia.

Nilipiga kelele. "Gama! Toka! Gama, toka!" Niliita mpaka nikasikia ladha ya damu. Na kiwanda kizima kikacheka. Mmoja akaitikia kwa sauti, "Muache, atatoka akimaliza panya wake!" Mwingine akaongeza lake. Walikuwa wanausikia utani ule kila siku, Mnyamwezi anaita, Mngoni hageuki. Yule wa kwenye swichi alikuwa anacheka vilevile. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizuia isiwashwe, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba safari hii naomba. Nilikuwa bado hatua chache nimfikie ilipoanza kuzunguka.

Sitawaeleza nilichokiona.

Palifanyika uchunguzi. Yule mgeni wa wilaya alikaa kwenye kiti cha meneja akaandika, na karani akatusomea: marehemu alipuuza kengele. Akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nilitazama pande zote. Wale wote waliotoka kwenye raspada masikio yao yalikuwa nusu, mengine robo. Walikuwa wananitazama, na nadhani baadhi yao walianza kuelewa. Nikisema ukweli, kesho tunapangwa mstari tena, na safari hii Kalasinga atatutenganisha, na wasiosikia watafukuzwa. Nikanyamaza. Huo ndio udhuru wangu na nimeuzeesha pamoja nami. Kuna siku naona unatosha, na siku nyingi hautoshi hata kidogo.

Barua ikaenda Songea ikisema hivyohivyo, alipuuza kengele. Watoto wake wamekua wakijua baba yao alikuwa mzembe, mtu aliyeyashinda magurudumu maisha yake yote akiwa hana viatu.

Na korona yenyewe? Ililia miaka kadhaa, bendera ikabadilika, halafu huko duniani wakagundua kamba ya plastiki, ambayo haioti, haiwashi, haihitaji mtu wa Unyamwezi wala wa Songea. Mkonge ukawa hauna mnunuzi. Wakaja watu wakang'oa vyuma vya korona kama tulivyong'oa raspada, wakauza. Mnaniuliza kama haya ya kompyuta yatawaletea kazi. Sijui. Mimi nilipiga makofi mara moja na sina hamu ya kupiga tena.

Mzee Gama tulimzika siku ya pili baada ya ajali, alasiri, kwenye makaburi ya Kambi ya Tatu, kwa sababu aliwahi kusema anataka kulala kwenye udongo unaotetemeka. Haukuwa unatetemeka tena. Kwa mila zetu msiba ni wa watani. Sisi ndio tunaochimba, sisi ndio tunaoingia kaburini na kusema tumelipenda tunahamia sisi, sisi ndio tunaowafanya wafiwa wacheke ili wasichanganyikiwe. Na mtani wake mkuu lazima amwigize marehemu. Watu wakaanza kunisukuma: "Mihayo! Mwigize Gama! Mwigize tumwone mara ya mwisho!"

Huwezi kukataa. Ukikataa umemtupa. Nikavua viatu. Nikasimama juu ya ule udongo mwekundu, nikawapa mgongo, nikaanza kulisha majani yasiyokuwepo, vidole vitatu, dole gumba nje. Wakaniita. "Gama!" Sikugeuka. "Wee Gama, panya wako anaungua!" Sikugeuka. Kelele za kicheko zikapanda, wanaume wanaanguka, nyapara anajifuta machozi kwa kofia. Wakaita tena na tena, na mimi nalisha, na sikuweza kugeuka kwa sababu uso wangu haukuwa wa kuonyeshwa watu.

Mkono ukanigusa bega. Alikuwa Bi Mwanaidi. Alikuja akasimama mbele yangu, nikaiona midomo yake kabla ya kumsikia.

"Baba Gama alikuwa hasikii," akasema taratibu. "Eti, Mihayo? Alikuwa hasikii kweli?"

Nyuma yangu kicheko kilipungua. Nyapara alikuwa amevaa kofia yake tena, anasikiliza.

"Alikuwa anatania tu, Bi Mwanaidi," nikamjibu, kwa sauti kubwa, ili wote wanisikie.

Wakacheka tena, na wakaanza kufukia.